Takhmisi ya Picha za Ngorongoro

Msomaji wa mashairi hana haja ya kufundishwa takhmisi. Mshairi huchukua utungo wa mwenziwe anayemstahi, akauacha kama ulivyo bila ya kugusa neno, kisha mbele ya kila mishororo miwili ya yule wa kwanza akatanguliza mitatu yake mwenyewe, vina vikaoana, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ndiyo inayotujia upesi akilini. Atungaye takhmisi hukiri mambo mawili kwa mpigo: kwamba amevutiwa na kazi iliyomtangulia, na kwamba kazi hiyo imeacha nafasi. La pili hukiriwa kwa adabu, lakini hukiriwa.

Nimekuwa nikiifikiria sanaa hii kila ninapotazama picha za Ngorongoro. Nyumbani kwetu Unguja kreta ile ilifika kwa kalenda ya ukutani: pundamilia kando ya maji, ukingo wa mlima ukielea juu ya ukungu, na chini yake tarehe za mwezi. Nilipoanza mwenyewe kushika kamera, nilijifunza kwa kuwaiga waliopiga picha za namna ile. Sioni aibu kulisema hilo. Hakuna malenga aliyeanza na bahari yake mwenyewe. Wote wameanza kwa kughani ya wakubwa wao mpaka pumzi ikakaa sawa. Lakini ilinichukua miaka mingi kuuliza swali ambalo mtoto mdogo angeliuliza mbele ya kalenda ile: mbona hamna watu?

Swali hilo kwa mtu wa visiwani lina uzito wake, kwa sababu picha tulizolelewa nazo zilikuwa za watu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Mji Mkongwe ulikwishakuwa na studio za Wagoa, ile ya A. C. Gomes ikiwa miongoni mwa mashuhuri, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio, ambayo kwa vizazi ilihifadhi sura za Unguja. Ukizitazama picha za studio hizo utawakuta wafalme na mahamali, maharusi na wauza kahawa. Hata picha ya bandari tupu aghalabu ina mtu pembeni, amepita tu, mpiga picha hakumfukuza.

Wala kreta yenyewe haikuanza kusimuliwa ikiwa tupu. Mzungu wa kwanza ambaye kwa maandishi tunajua kwamba aliiona, Oscar Baumann wa Austria, alitokea pwani. Aliondoka Tanga Januari 1892 na msafara wake wa wapagazi na askari, na tarehe 18 Machi akasimama ukingoni. Sisi tunamjua zaidi kwa jambo jengine: katika miaka ya mwisho ya karne ile alikuwa balozi mdogo wa Austria-Hungaria hapa Zanzibar, akachora ramani na kuandika vitabu juu ya Mafia, Unguja na Pemba. Aliyoyaandika juu ya Ngorongoro hayafanani hata kidogo na kalenda yangu. Wanyama wamo, na baadhi yao aliwapiga risasi. Lakini wamo pia Wamaasai, na hali yao inatisha. Sotoka ilikuwa imekwishafagia ng'ombe, ndui ikafuata, na Baumann alikuta kambi yake ikizungukwa na wanawake waliobaki mifupa, watoto waliokonda, wazee walioduwaa, na mashujaa wa jana wasioweza hata kusimama, wote wakingoja chakula. Wamaasai wenyewe wanakiita kipindi hicho Emutai, maana yake kufutika.

Basi maelezo ya kwanza ya kreta yaliyoandikwa na mgeni yamejaa watu. Walikuwa wanakufa, lakini walikuwamo. Ule uwanda mpana usio na maboma, ambao wageni wa baadaye waliudhani kuwa ndio maumbile ya tangu na tangu, kwa kiasi fulani ulikuwa ni makaburi ya mwaka 1891 na 1892. Na haukubaki mtupu muda mrefu. Wamaasai walirudi na mifugo mipya, na kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza ndugu wawili wa Kijerumani, Adolf na Friedrich Siedentopf, walikuwa na mashamba yao ndani ya kreta hiyohiyo.

Kamera ilipoingia nyika ya kaskazini kwa kishindo, iliingia na bunduki. Carl Georg Schillings alikuwa mwindaji wa Kijerumani aliyezunguka nchi ya Wamaasai na kandokando ya Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20. Alichoka, au alidai amechoka, kuona wanyama katika picha wakiwa mizoga tu. Akafunga punda au ng'ombe awe chambo usiku, akatega uzi, na simba alipougusa unga wa magnesiamu ukalipuka na kamera ikafunguka. Kitabu chake cha mwaka 1905 kiliwashangaza Wazungu: simba wa kweli, gizani, akiwa hai. Mpaka leo, na mitambo yetu yote, picha zile zina jambo ambalo ni vigumu kulipata tena. Mnyama hajajipanga. Ameshtuka, na sisi tumeshtuka naye.

Namstahi Schillings kwa hilo, lakini nataka tukumbuke picha ile ilivyopatikana. Wakati ule picha ilikuwa ni kioo. Sahani za kioo, dawa za kusafishia, kamera za mbao, miguu yake mitatu, vyote vilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi, mzigo mmoja ukikaribia kilo 30, kwa miezi, katika nchi ya miba na mawe. Lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Mtu aliyejikwaa aliweza kuipoteza picha ya simba kabla haijaonekana na yeyote, na kwamba picha nyingi zilifika Ulaya nzima ni sifa ya miguu ya watu wetu kabla ya kuwa sifa ya jicho la Schillings.

Wamarekani Martin na Osa Johnson nitawapita haraka, maana walikuwa watu wa senema na tamasha zaidi kuliko wa kutazama. Filamu yao ya simba, *Simba*, ilitoka 1928. Mwaka 1933 walirudi Afrika na ndege mbili, moja wameipaka milia ya pundamilia na nyengine madoa ya twiga. Nawataja kwa ajili ya ile ndege ya milia tu, kwani karibu miaka 25 baadaye ndege nyengine ya milia ilitua katika nchi hiyohiyo, na hiyo ndiyo iliyoibadilisha.

Waliokuja nayo walikuwa baba na mwana. Bernhard Grzimek alikuwa daktari wa wanyama na mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Michael, mwanawe, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, rubani na mpiga filamu. Utawala wa Kiingereza ulikuwa unataka kuigawa Serengeti, sehemu ya mashariki pamoja na Ngorongoro itoke katika hifadhi ya taifa na kuachiwa wafugaji. Hoja ya Grzimek ilikuwa kwamba hakuna aliyejua nyumbu wanapita wapi, na kwamba mpaka uliochorwa ofisini ungeikata njia yao. Wakaruka toka Ujerumani mwishoni mwa 1957, wakahesabu wanyama kutoka angani, wakapata zaidi ya 366,000 wakubwa kwa wadogo. Wakapiga filamu huku wakihesabu.

Tarehe 10 Januari 1959 tumbusi aligonga bawa la ndege ile Michael akiwa peke yake angani. Alikuwa na miaka 24. Alizikwa siku hiyohiyo, ukingoni mwa kreta, mahali ambapo macho yanaona uwanda wote chini. Baba yake aliimaliza filamu. *Serengeti darf nicht sterben*, yaani Serengeti haitakufa, ilitoka mwaka huohuo, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu za hali halisi. Bernhard alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa yakazikwa kando ya mwanawe. Mnara wao wa mawe upo barabarani, na madereva wa watalii kutoka Karatu husimamisha gari hapo, wakaeleza kwa ufupi, kisha safari ikaendelea.

Mimi nilisimama hapo muda mrefu kuliko dereva alivyopenda. Huwezi kuitazama filamu ile bila ya kuvutika. Kundi la nyumbu linaonekana kutoka juu kama mchanga unaomwagika, na kivuli cha ndege kinapita juu yake kama kalamu. Kabla ya hapo nani alikuwa ameuona uwanda kwa namna ile? Na mtu aliyetoa mwanawe kwa ajili ya picha hatumsemi ovyo. Lakini mtazamo wa angani una tabia yake. Kutoka juu nyumbu ni wengi, na boma la Mmaasai ni duara dogo la miba, doa. Grzimek hakuficha imani yake: hifadhi ya kweli, kwa maoni yake, haipaswi kuishi mtu ndani yake, awe mgeni au mwenyeji. Fremu yake ilikuwa ni imani hiyo iliyotiwa katika filamu.

Haki itendeke: filamu haikuandika sheria. Mwaka 1958, kabla haijatoka, wazee 12 wa Kimaasai walikwishatia alama zao kwenye mkataba wa kuiacha Serengeti, na mwaka 1959 Eneo la Hifadhi la Ngorongoro likatengwa, kilomita za mraba zaidi ya 8,000, kwa ahadi kwamba humo watu na mifugo yao wataendelea kuishi pamoja na wanyamapori. Kilichofanywa na filamu ni kitu kirefu zaidi ya sheria. Iliwafundisha mamilioni ya watu wasiopata kukanyaga Afrika namna ya kuiona. Kama Grzimek mwenyewe alivyosimulia, aliwatangazia Wajerumani katika kipindi chake cha televisheni kwamba safari za bei nafuu za Afrika Mashariki zinauzwa, wakati hazijakuwapo bado, na mawakala wakalazimika kuzianzisha. Watalii walipokuja walikuja na picha kichwani, wakaitafuta. Asiyekuwamo katika picha alionekana kama aliyeingia kwa makosa.

Mwaka 1974 Wamaasai waliokuwa wakiishi chini, ndani ya kreta, waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku katika eneo zima, kikaruhusiwa tena 1992, kikakatazwa tena baadaye. Picha ya kalenda yangu, kama ilipigwa baada ya 1974, haikuwa na haja ya kumkwepa mtu.

Lakini tusiwatie wapiga picha wote kapu moja. Yupo mmoja ambaye kwangu mimi ndiye mwalimu hasa, na somo lake lilipatikana ndani ya kreta ileile. Hugo van Lawick, Mholanzi aliyezaliwa Surabaya mwaka 1937, alikuja Tanganyika mwaka 1962 kupiga picha za sokwe wa Gombe waliokuwa wakichunguzwa na Jane Goodall. Wakaoana 1964. Baadaye wakaweka mahema Ngorongoro na Serengeti kuwafuatilia wanyama wasiopendwa na mtu: mbwa mwitu, bweha na fisi. Kitabu chao, *Innocent Killers*, kilitoka 1970.

Msomaji, fikiri fisi wetu. Katika hadithi za bibi zetu fisi ni mlafi na mpumbavu, anayefuata mkono wa mtu akidhani utadondoka. Mtalii wa zamani alithibitishiwa hadithi hiyo kila asubuhi: alifika akamkuta simba anakula, na fisi wamekaa pembeni wakimeza mate. Picha ikapigwa, na picha ilikuwa ya kweli. Hakuna aliyeidanganya kamera. Miaka hiyohiyo mwanasayansi Mholanzi, Hans Kruuk, alikuwa akikesha na gari lake ndani ya kreta, akiwafuata fisi kwa mwanga wa mwezi. Akaona kwamba usiku ni fisi wanaowinda, kundi zima, kwa mpango. Nyumbu akianguka kelele zinawaita simba, simba wanakuja wanawapora, na jua linapochomoza mwizi ndiye anayekula na mwenye mali ndiye anayengoja. Van Lawick na Goodall waliishi na ukweli huo usiku na mchana, miezi na miezi, mpaka wakawajua fisi mmojammoja kwa sura, kwa koo zao na ugomvi wao.

Sijapata kusikia hoja kali zaidi dhidi ya picha ya haraka. Picha ya saa moja asubuhi haikuwa ya uongo, ila ilimhukumu asiyekosa, kwa sababu mpiga picha alilala. Van Lawick alikaa Ndutu, mpakani mwa Ngorongoro na Serengeti, kwa miaka mingi. Alifariki Dar es Salaam mwaka 2002, mapafu yamechoka. Nikitazama picha zake ninachokiona kwanza ni muda. Mbwa mwitu haangalii kamera kwa sababu kamera imekuwapo hapo tangu jana na juzi.

Hata hivyo, wakati fisi wale wanapigwa picha, maboma ya Wamaasai yalikuwa bado yamo ndani ya kreta. Fisi aliposifiwa kuwa si mlafi, jirani yake mwenye ng'ombe alibaki nje ya ukurasa. Mwalimu wangu alikesha kwa ajili ya fisi. Nani alikesha kwa ajili ya jirani?

Wapo waliojaribu. Mwaka 1980 Carol Beckwith, Mmarekani, alitoa kitabu kikubwa cha picha za Wamaasai, na maneno yake yaliandikwa na Tepilit Ole Saitoti, mwana wa nchi hiyohiyo, aliyepata kufanya kazi katika hifadhi kabla ya kwenda kusoma Marekani. Picha ni nzuri mno, na uzuri huo ndio unaonitia shaka: vazi na sherehe vimetawala, kana kwamba kila siku ni siku ya jando. Maneno ya Saitoti, ndani ya jalada hilohilo, yana njaa, ukame na hofu ya kesho. Kwa hiyo kitabu kimoja kina mashairi mawili, na la pili linalikosoa la kwanza bila ya kulikatiza. Hiyo ni karibu sana na takhmisi.

Na yupo wa kwetu, ambaye hakuwa mpiga picha wa wanyama ingawa aliwapiga pia. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko akaanzisha Camerapix mwaka 1963. Zanzibar alikuja na Mapinduzi ya 1964, na mwaka 1966 alifungwa hapa karibu mwezi mzima kwa sababu ya kamera yake. Mwaka 1984 ulitoka mkononi mwake, pamoja na wenzake, kitabu cha safari katika Tanzania, ambacho nchi na watu wake wamo kurasa kwa kurasa. Lakini mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, alikuwa Korem, Ethiopia, kulipopambazuka na ukungu, na mbele yake maelfu ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Nikisoma habari za Korem namkumbuka Baumann: uwanda, baridi ya alfajiri, watu waliobaki mifupa. Tofauti ni kwamba Amin hakugeuza lenzi upande wa mlima. Filamu yake ilitikisa serikali na kuleta chakula. Picha iliyowatoa watu katika uwanda mmoja na picha iliyowalisha watu katika uwanda mwengine zilitengenezwa kwa chombo kimoja. Amin alikufa tarehe 23 Novemba 1996, ndege iliyotekwa ilipoanguka baharini Komoro, katika maji yetu haya.

Turudi Ngorongoro, kwa sababu huko kuna picha ya watu ambayo hakuna fremu iliyoweza kuikata. Mahali paitwapo Laetoli, ndani ya eneo hilohilo la hifadhi, mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilifukua nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Ni nyayo zipatazo 70, katika mstari wa mita 27 hivi. Waliokwenda huko walikuta tatizo ambalo kila mpiga picha analijua: jua la utosini huziua. Nyayo ni shimo dogo la rangi moja na ardhi inayolizunguka. Mchana zinatoweka, na jua likilala upande, asubuhi au alasiri, zinajaa kivuli na kisigino kinatokea. John Reader alizipiga picha ambazo dunia inazijua, na mwaka 1979 nyayo zenyewe zikafukiwa zisiharibike. Mizizi ya miti ilipotishia kuzipasua zilifunguliwa tena katikati ya miaka ya 1990, zikahifadhiwa, zikafukiwa upya. Kwa hiyo walio wengi tunazijua kwa picha tu. Kitu chenyewe kimelala chini ya udongo. Mwaka 2015 watafiti wetu, Fidelis Masao na Charles Musiba miongoni mwao, walikuwa wakipapima mahali pa makumbusho wakakuta nyayo nyengine jirani. Palipoitwa nyika tupu, watu wanaendelea kutokea.

Mwanga wa mshazari, basi, na kukesha: hayo mawili nimeyachukua kwa waliotangulia, na ndiyo mishororo miwili nisiyoigusa. Mitatu ya kutanguliza nimeitafuta Karatu.

Karatu ni mji ambao watalii huulalia bila ya kuutazama. Tangu barabara kutoka Makuyuni ilipotiwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000, magari yanaupita alfajiri kuelekea lango la Lodoare na kurudi jioni na vumbi. Ni nchi ya udongo mwekundu na vilima vilivyolimwa mpaka juu. Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, waliijaza katika karne ya 20 wakishuka kutoka nyanda za Mbulu. Wajerumani walilima kahawa na ngano Oldeani. Kule chini, Mang'ola, karibu na ziwa Eyasi, wanalima vitunguu vinavyofika mpaka masoko yetu, na kandokando wanaishi Wadatoga na Wahadzabe, ambao nao wamepigwa picha mno na kuulizwa kidogo. Wamaasai wa Ngorongoro hushuka Karatu kwa mnada, kwa hospitali, kwa duka, kwa karatasi za serikali.

Huko juu, kwenye maboma ya utamaduni, mgeni hulipa ndipo apige picha. Nimewasikia wapiga picha wenzangu wakilalamika kwamba pesa zimeharibu uhalisia. Mimi naona malipo hayo ndiyo mkataba pekee ambao mtu aliye mbele ya kamera amewahi kuuweka mwenyewe, na kama picha inatoka imekakamaa, ni kwa sababu imekubali kuwa ni biashara. Za zamani zilikuwa biashara pia, ila mmoja hakuambiwa.

Na swali la nani yumo katika fremu halijawa historia. Kuanzia 2022 serikali ilihamisha kaya kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, ikisema watu na mifugo wamezidi uwezo wa ardhi. Waliokuwa 8,000 hivi mwaka 1959 walikuwa wamekaribia au kupita 100,000. Hoja ya idadi si ya kupuuzwa. Nao waliokataa kuhama walisema ahadi ya 1959 ilikuwa ni ahadi. Kila upande ulikuwa na picha zake: nyumba mpya zilizopangwa mistari Msomera, na ng'ombe na wazee wasiotaka kuondoka Ngorongoro. Agosti 2024, baada ya tangazo la kufuta vijiji na kata zao, maelfu ya Wamaasai walikusanyika barabarani ndani ya hifadhi, mbele ya magari ya watalii, mpaka Mahakama Kuu ya Arusha ikalisimamisha tangazo lile kwa muda. Picha za siku zile zilipigwa kwa simu, zimetetemeka, mwanga wake mbaya, jua la utosini. Hazina ustadi wowote ambao Schillings au van Lawick angeutambua. Lakini nikizitazama naona barabara ninayoijua, ukingo ninaoujua, gari la kijani lenye paa lililofunguliwa, mtalii amesimama ndani yake na kamera yake yenye lenzi ndefu. Na mbele yake, badala ya pundamilia, shuka nyekundu kutoka ukingo huu wa fremu hadi ule.

Picha niliyoirudi nayo mimi ni ndogo. Karatu kuna studio, chumba kimoja, pazia la bluu isiyoiva ukutani na kigoda mbele yake. Wanakuja humo wanafunzi wa kumaliza shule, maharusi, madereva wanaotaka leseni, na wafugaji walioshuka kutafuta kitambulisho. Kijana mwenye studio huwaambia wainue kidevu kidogo, kama Oza alivyowaambia babu zetu. Niliomba ruhusa nikakaa naye kutwa, kisha siku ya pili, mpaka waliokuwa wakiingia wakaacha kuniangalia. Alasiri jua lilipolala likapita mlangoni na kuangukia kaunta, ambayo ni ya kioo, na chini ya kioo kile amezipanga picha za pasipoti ambazo wenyewe hawajazifuata. Zilikuwa nyingi. Wazee wenye masikio yaliyotobolewa, mama na kitanga cha mtoto begani pake kisichotakiwa kuonekana, vijana waliojaribu kutocheka. Nilimuuliza wa nani hawa. Akaanza kunionyesha kwa kidole, mmojammoja, kwa jina la mtu na jina la anakotoka: Endulen, Nainokanoka, Olbalbal, Rhotia, Mang'ola. Alipofika safu ya tatu akaingia mteja.